Nakala Thelathini

Dada yangu alikuwa na swali moja kwa kila mteja, na hakuna aliyelikwepa. Ukimpelekea ufunguo akukatie mwingine, anaupokea, anaugeuzageuza, halafu anakutazama juu ya miwani yake. "Ufunguo wa nani huu? Mlango gani?" Mwenye nyumba anajibu papo hapo. Mpangaji anajibu huku akicheka. Mwenye lake jambo anakumbuka ghafla kwamba kuna mtu anamsubiri mahali, anachukua ufunguo wake anaondoka, na dada anamsindikiza kwa macho mpaka anapokata kona.

Ndugu tu ndio hawakuulizwa. Ndugu ukileta ufunguo, dada anaukata huku anakuuliza kama watoto wamepona mafua. Kumuuliza mtu wa damu yako mlango gani, alisema, ni kumtukana mchana kweupe.

Kibanda chetu ni kimoja, kimegawanywa katikati kwa ubao. Upande wake kuna mashine ya kukatia funguo, ukuta mzima wa misumari yenye funguo zisizo na meno bado, na vumbi la shaba linaloingia kila mahali, hata kwenye chai. Upande wangu kuna mashine ya fotokopi, kubwa na ya zamani, ambayo kila asubuhi huguna kwanza kama mzee anayeamshwa. Yeye wateja wanamwita Dada Funguo. Mimi wananiita Fotokopi, jina ambalo sikulipenda hata siku moja, lakini nani aliniuliza?

Kazi ya fotokopi ina adabu yake. Watu wanakuletea talaka, majibu ya vipimo, barua za kufukuzwa kazi. Ukisoma utawaonea huruma au utawacheka, na vyote viwili vitaonekana usoni. Basi unajifunza kutosoma. Unalaza karatasi kifudifudi kwenye kioo, unabonyeza, unatazama barabarani. Nilijivunia jambo hilo. Mume wangu alizoea kuwaambia rafiki zake kwamba mkewe anaweza kubeba siri ya nchi nzima, kwa sababu hata hatajua kama ameibeba. Tulicheka sana enzi hizo.

Sasa Nesi. Huyu alikuwa shoga wa dada, na nusu ya mtaa ilimjua kwa sindano. Alishawaona makalio wanaume wazima wenye vyeo vyao, na akikutana nao barabarani anawasalimia kwa heshima zote kana kwamba hajawahi kuona kitu. Hakuwa mtu wa kwetu. Yeye, mume wake dereva wa gari la mkate, na mama yake mzazi walihamia miaka kumi na moja iliyopita kutoka mbali, wakapanga ghorofa ya tatu ya jengo lenye tanuri la mkate chini. Binti yao alizaliwa hapa hapa, ana miaka sita. Nyumbani walizungumza lugha yao. Bibi, mama yake Nesi, alijua neno moja tu la lugha yetu, "asante", na alilitumia kwa kila jambo, hata ukimkanyaga.

Urafiki wao ulianza siku ile ile waliyohamia. Mlango ulijifunga, bibi akiwa ndani na sufuria jikoni limeanza kutoa moshi. Dada aliitwa, akapanda ngazi mbio na waya wake, akafungua kabla hujamaliza kuhesabu hadi sitini. Tangu hapo wakawa chanda na pete, dada mwenye maneno ya kujaza gunia, na Nesi anayecheka bila sauti mpaka machozi yanamtoka. Kila sikukuu yetu Nesi na watu wake walikuja kula kwa dada. Sikukuu yao wao walikula peke yao na wenzao wachache kutoka mitaa mingine. Hatukualikwa, na hatukuuliza.

Mwaka huu Nesi alikuja kibandani mwenyewe, amevaa sare ya zahanati, akasimama kati ya pande mbili ili tumsikie sote.

"Jumapili ni sikukuu yetu. Njoo ule kwangu, shoga. Na mdogo wako aje."

"Makubwa! Mwaka huu kulikoni?" dada akauliza.

"Mwaka huu viti vitabaki vitupu. Wenzetu wanaogopa kuja mtaa huu."

Alilisema kwa tabasamu, na dada hakutabasamu.

Sababu tuliijua. Mvua zilipoanza, homa iliua watoto wawili mtaani kwetu. Mmoja alikuwa mtoto wa wifi yangu, dada wa mume wangu, mtoto wa miaka minne aliyekuwa akiniita "mkaza mjomba Fotokopi" nami nikajifanya nimekasirika. Nesi ndiye aliyemchoma sindano ya mwisho. Homa ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Daktari alisema hivyo na akaandika hivyo. Lakini homa huwezi kuisubiri kwenye kona, na watu walitaka wa kumsubiri. Maneno yakaanza chini chini. Mama mmoja akakataa mwanawe asiguswe na "yule". Asubuhi moja gari la mkate lilikutwa magurudumu yote manne yametobolewa. Salamu za barabarani zikawa fupi, kisha zikawa za kichwa tu, kisha watu wakaanza kuangalia simu zao.

Mume wangu ni msoma mita za maji. Anajua kila geti, kila mbwa, kila ngazi iliyovunjika. Alikuwa mtu wa mzaha, na kila asubuhi ndiye aliyenipikia chai, akaikoroga sukari mwenyewe. Tulipomzika yule mtoto, mzaha ulikwisha. Chai aliendelea kupika. Wakamchagua katibu wa kamati ya mtaa, na vikao vikahamia sebuleni kwetu. Nikiingia na sinia, wanaume wale wanaanza kuzungumza mpira, hata wale ambao hawajui timu ngapi zinacheza. Nikitoka, sauti zinashuka tena. Nilikuwa ninaosha vikombe vyao na kujiambia kwamba ni mambo ya taka na mitaro.

Wiki ile ya sikukuu ya Nesi mambo yalikwenda hivi.

Jumanne dada alijikata kidole gumba kwenye mashine. Nesi akamshona nyuzi tatu, akakifunga bandeji mpaka kikawa kama limau. "Jumapili ukija nitakutoa nyuzi kabla hatujala," akamwambia. Hapo inabidi nieleze kitu. Kila ufunguo anaoukata, dada huupitisha tupa mara moja chini ya shingo, mkwaruzo mmoja mwembamba usioonekana kirahisi. Ndiyo sahihi yake. Ukimletea ufunguo aliokata miaka kumi iliyopita, anapitisha kidole gumba pale shingoni na anakuambia, "Huu ni wangu." Wiki ile kidole chenyewe kilikuwa ndani ya bandeji.

Jumatano asubuhi mume wangu aliweka karatasi iliyokunjwa kando ya kikombe changu. "Nakala thelathini. Za kamati." Nikazitoa nikitazama barabarani. Ya kumi na tisa ilikwama, nikaivuta, ikatoka na mikunjo na doa la wino, nikatoa nyingine badala yake. Karatasi zilizoharibika huwa sizitupi, nyuma bado ni nyeupe. Mchana dada akanitajia vitu vya Jumapili, nikaviandika nyuma ya ile iliyokwama: juisi chupa mbili, karatasi ya zawadi, saa nane tusichelewe. Nikaitia mkobani.

Alhamisi ilikuwa zamu ya bahasha ndogo. Ndani, ufunguo mmoja.

"Mpe dada yako akate mwingine kama huu. Wa stoo ya kamati."

"Si umpelekee mwenyewe? Shemeji yako yule, hang'ati."

"Nimechelewa kazini," akasema, na akanibusu kwenye paji la uso.

Dada akaukata kwa dakika tatu, bandeji imetokeza juu, huku akinieleza gauni atakalovaa na jinsi lilivyombana kiunoni. Hakuniuliza mlango gani. Mimi nami sikumuuliza mume wangu tangu lini kamati ina stoo. Leo najua kwa nini hakwenda mwenyewe. Alimhitaji mtu wa damu, mtu asiyeulizwa, na alikuwa amelala naye kitanda kimoja kwa miaka kumi na tatu.

Jumamosi jioni, akivua viatu, akasema bila kuniangalia, "Kesho mchana kaa nyumbani. Ikifika saa tisa usiwe barabarani."

"Kuna nini?"

"Mkutano. Vijana watakuwa wengi."

Sikuwa nimemwambia kwamba nimealikwa. Jina la Nesi lilikuwa halitajwi tena ndani ya nyumba yetu. "Mimi nitakuwa saluni," nikamdanganya. Nisijitie ujinga hapa. Nilijua kuna kitu. Nilichagua tu kutojua ni kitu gani, kama nilivyozoea kazini.

Jumapili dada alinipitia na zawadi yake kwapani, imefungwa kwa karatasi ya maua mekundu na utepe. Nilipoipima mkononi nikaangua kicheko. Ilikuwa kitasa.

"Dada, watu wanapeleka maua! Wanapeleka vikombe!"

"Maua yanazuia nini?" akajibu. "Kile kitasa chao kimechakaa, kila nikipita pale kinanikera. Hiki kipya kina funguo tatu, chuma kitupu. Wewe cheka tu."

Mlangoni kwa jengo kiti cha mtunza jengo kilikuwa kitupu na redio yake imezimwa. Mtu yule haachi redio hata akienda chooni. Ubao wake wa funguo za akiba ulikuwa ukutani kama kawaida. Tukapanda. Harufu ya mkate haikuwepo, tanuri lilikuwa limefungwa, na ngazi zilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia viatu vyangu mwenyewe. Ghorofa ya tatu, mlango namba 9, tarakimu ya shaba iliyolegea msumari mmoja.

Ndani kulikuwa kama nyumba nyingine. Walikuwa wamefua mapazia, wamepanga meza mbili ndogo ziwe moja na kuifunika shuka jeupe lililopigwa pasi mpaka pembeni. Viti vilikuwa kumi na viwili, na tulikuwa watu sita. Nesi alimkalisha dada karibu na dirisha, akatoa mkasi mdogo, akakata nyuzi tatu na kuzivuta moja moja. Kidole kikatoka chekundu na laini. "Haya, sasa umezaliwa upya," akamwambia, na dada akakichezesha hewani mbele ya yule binti mpaka mtoto akacheka kwikwi. Nikamwamkia bibi shikamoo. "Asante," akasema, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili.

Nyumba ile ina sheria moja mezani: hakuna anayeinuka kabla ya bibi kuinuka. Na bibi alikula kama mtu ambaye hana pa kwenda maisha yake yote. Supu, kisha nyama, kisha mkate, kisha nyama tena, na kila sahani yangu ilipopungua aliijaza yeye. Mtoto akaimba wimbo wao, mistari mingi, akasahau katikati, baba yake akamsaidia kwa sauti nzito iliyonishangaza, kwa sababu mtu yule kwa kawaida haongei. Nilifurahi. Nataka niliseme hilo wazi. Kwa nusu saa nilifurahi kweli kweli, na nilimwonea Nesi wivu kidogo kwa kuwa na meza yenye wimbo. Lakini saa ya ukutani ilikuwa nyuma ya kichwa cha bibi, na kila nilipomtazama bibi niliiona. Saa nane na dakika ishirini na tano. Na thelathini na tano.

"Mtunza jengo ameondoka tangu asubuhi," alisema mume wa Nesi. "Na geti la chini ameliacha wazi."

"Mtu yule ana mambo mengi," Nesi akasema. "Mpaka ufunguo wetu wa akiba ameupoteza. Jumatano nimepita, msumari wetu mtupu. Ijumaa umerudi. Ati ulikuwa umeanguka nyuma ya ubao. Nimeuchukua, siuachi tena kwake." Akautoa mfukoni mwa aproni, akampa dada. "Hebu utazame, shoga, umeanza kukwama."

Dada aliupokea akiwa bado anatafuna. Kidole gumba kikapita shingoni, kwa mazoea tu. Kisha kikarudi. Kisha akausogeza karibu na miwani, akatazama meno yake, na nikaona taya lake linaacha kutafuna.

"Mdogo wangu," akasema polepole. "Huu ni wangu, na meno ni yale yale ya ule ulioniletea Alhamisi. Ulikuwa wa nani? Mlango gani?"

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu dada kuniuliza swali lake.

"Wa stoo ya kamati," nikasema, na nilipokuwa nikisema nilijua si kweli.

Nikavuta mkoba miguuni. Ile karatasi iliyokwama ilikuwa juu kabisa, upande wenye mwandiko wangu. Juisi chupa mbili. Nikaigeuza. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile nikasoma nilichonakili. Ulikuwa mwandiko wa mume wangu, herufi zimelala kulia, zile zile za barua alizoniandikia tulipokuwa wachumba.

"Jumapili saa tisa kamili. Jengo la mkate, ghorofa ya tatu, mlango namba 9. Ni sikukuu yao, wote watakuwa ndani. Ufunguo uko kwa katibu, hakuna kuvunja mlango, hakuna kelele mpaka tuwe tumeingia. Kila mwenye karatasi hii aje na watu wawili."

Nitasema nilichofikiria, maana hakuna faida ya kukificha. Nilifikiria kuikunja karatasi ile, kuirudisha mkobani, kusema kichwa kinaniuma, na kushuka ngazi na dada yangu. Zilibaki dakika kumi na sita. Ningekuwa nyumbani. Mume wangu angerudi jioni, asingenieleza kitu, nami nisingeuliza. Tungeendelea hivyo mpaka uzee. Nilifikia hata kuikunja mara moja.

Bibi akaona sahani yangu tupu, akadhani nina njaa. Akaniwekea kipande kingine cha nyama. "Asante," akaniambia.

Nikampa dada karatasi. Dada akaisoma, akampa Nesi. Nesi akaisoma mpaka mwisho kwa uso wa kazini, uso ule anaosomea vyeti vya wagonjwa, akampa mume wake.

"Ulitoa ngapi?" akaniuliza.

"Thelathini."

"Ulizisoma?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anavyomtikisia mgonjwa anayesema amesahau kumeza dawa.

Mume wake alisogeza pazia kwa kidole kimoja. "Wapo," akasema. Nikachungulia chini ya mkono wake. Ng'ambo ya barabara, mbele ya maduka yaliyofungwa, wanaume walisimama wawili wawili, watatu watatu, wakiangalia kila kitu isipokuwa dirisha letu. Ngazi za jengo ni moja tu, na bibi huchukua robo saa kuzishuka. Mume wa Nesi akapiga simu kituo cha polisi. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa hivyo hivyo.

Dada alikuwa ameshachana karatasi ya maua mekundu.

"Bisibisi," akasema. "Na mtu ashike taa ya simu. Mimi zawadi yangu haikai ndani ya karatasi."

Alilisema kwa sauti ya utani ili mtoto asishtuke, na mtoto hakushtuka, akaja kutazama. Dada akapiga magoti mlangoni na gauni lake la kubana. Kitasa kile cha zamani kilikuwa na skrubu nne, na mbili zilikuwa zimeota kutu. Nilishika taa. Kidole kipya kikaanza kuvuja damu kwenye bisibisi, na dada hakukitazama. Skrubu ya tatu ilipotoka ilianguka na kubiringika chini ya kabati. Iache, nikasema. "Hizi mpya ni fupi, sitaiacha," dada akasema kwa meno. Mtoto akalala kifudifudi, akaingiza mkono, akaitoa ikiwa na utando wa buibui, akampa kama amempa dhahabu. Nesi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake, akimmenyea tunda. Bibi alikuwa bado anakula.

Dada alizungusha ufunguo mpya mara mbili saa ilipogonga tisa. Tukasogeza kabati mlangoni. Kisha tukakaa, kwa sababu bibi alikuwa hajainuka.

Hawakukimbia. Nilidhani watapanda mbio, kwa kelele. Walipanda taratibu, wengi, wakijitahidi kukanyaga kwa ncha, na ngazi nzima ilikuwa inapumua. Kuna mmoja alikohoa na mwingine akamnyamazisha. Viatu vikasimama nje ya mlango. Hapo ndani tulinyamaza jii, mpaka mtoto, aliyefunikwa uso na kifua cha baba yake.

Ufunguo ukaingia. Nilisikia ukikwaruza, ukisukumwa, ukitolewa, ukipanguswa kwenye nguo, ukiingizwa tena. Haukuzunguka. Sauti ya kiume ikanong'ona, "Sio huu." Nyingine ikasema, "Dada mtu kakosea."

Kisha simu yangu ikalia.

Ilikuwa mezani, kati ya juisi na mkate, na wimbo wake ni ule aliouchagua yeye mwenyewe. Watu wote wakanitazama. Kioo kilikuwa kimeandika "Mume Wangu".

Ningeweza kuizima. Nikapokea.

"Ule ufunguo..." akaanza, kisha akanyamaza, kwa sababu naye alikuwa ameusikia ule wimbo ukilia nyuma ya mlango. "Uko wapi?"

"Niko ndani," nikasema.

"Ndani wapi?"

"Hapa. Na dada. Tunakula sikukuu."

Nilisikia pumzi yake kwenye simu na nikaisikia kwenye mbao. Ilidumu muda mrefu. Mtu mmoja nje akamuuliza, "Katibu, tuvunje?" Mtu akarudia kuuliza. Nilibana simu sikioni mpaka sikio likauma. Mwishowe akasema, na sijui alikuwa akimwambia nani, "Sio leo." Viatu vikaanza kushuka. Vilichukua muda mrefu kwisha.

Bibi akaweka kijiko, akafuta midomo, akainuka. Tulikuwa huru kuondoka na hakuna aliyejisogeza.

Siku ya tatu walihama, mchana, kwa gari la mkate. Nesi alipita kibandani akamkumbatia dada kwa muda mrefu, wote wawili hawakulia. Mimi alinipa mkono. Alinipa mkono kwa adabu, kama anavyowapa watu aliowahi kuwaona uchi, na nilitamani anitukane.

Mume wangu hakunigusa wala hakunifokea. Jumapili ile alirudi, akala, akalala. Jumatatu asubuhi alipika chai, akakoroga sukari, akaniambia, "Dada yako ana mikono myepesi," akaenda kusoma mita zake. Ule ufunguo usiofungua kitu ameutundika sebuleni kwenye msumari, mahali ambapo kila anayekuja kwenye kikao anauona. Vikao vimeongezeka. Siku hizi nikiingia na sinia hawazungumzi mpira. Wananyamaza, wananiangalia, wanasubiri nitoke.

Leo asubuhi, kando ya kikombe changu, kulikuwa na karatasi. Haikukunjwa. Aliilaza wazi, maandishi juu, akaigeuza inielekee mimi, na akabaki amesimama pale na kijiko cha sukari mkononi.

"Nakala hamsini," akasema. "Chukua muda wako."

Nikaisoma mbele yake, mstari kwa mstari. Akaniangalia nikisoma. Chai nikainywa yote, sijui kwa nini, nikaitia karatasi mkobani, nikatoka.

Dada alikuwa ameshafungua kibanda, anapuliza vumbi la shaba kwenye mashine. Kidole kimepona, kimebaki alama. Nilisimama upande wake, sio upande wangu. Mashine yangu sikuiwasha. Aliniona nilivyoishika karatasi, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena. Tangu siku ile ananiuliza, hata mimi.

"Ya nani hiyo, mdogo wangu?" akasema. "Mlango gani?"

"Wako, dada."